Aliyebaki Kwenye Benchi

Katika sharika zetu, mtu asiyetoka kwenda mezani siku ya Chakula cha Bwana huonekana na wote. Benchi zima linasimama, naye anavuta miguu pembeni ili wenzake wapite. Hakuna anayesema neno wakati ule. Lakini ibada ikiisha, pale nje kwenye mnada wa ndizi na mayai ya sadaka, maswali huanza. Ametengwa? Amefanya nini? Wazee wanajua jambo gani ambalo sisi hatujaambiwa?

Tunaandika haya kwa sababu sisi watumishi tulikuwa miongoni mwa waliouliza. Mama mmoja wa kwaya, mshiriki mwaminifu tangu kipaimara, aliacha kushiriki. Miezi ikapita. Mzee wa mtaa akaleta habari ofisini, wala hakuileta kwa ubaya, maana ndiyo kazi yake. Basi jioni moja tukaenda nyumbani kwake wawili, mchungaji na mzee, tukiwa na maandiko ya toba tuliyokwisha kuyachagua. Tukaulizia afya ya watoto, tukaulizia ng'ombe, tukazunguka mpaka tukafika tulikokuwa tunakwenda: Mama, kuna nini kati yako na meza ya Bwana?

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya hospitali. "Baba Mchungaji," akasema, "sijakosana na mtu. Ni ngano."

Tulikuwa hatujawahi kusikia jambo hilo, na tunakiri kwamba la kwanza kutujia mdomoni halikuwa la hekima. Tulimwambia apokee kwa imani, kwa kuwa mwili wa Bwana hauwezi kumdhuru mtu wake. Alitujibu taratibu kwamba alikwisha kufanya hivyo, Jumapili baada ya Jumapili, na siku zilizofuata alishinda akikimbilia chooni. Alifikiri imani yake ndiyo pungufu. Kumbe alikuwa amejihubiria mahubiri yetu mabaya kabla hatujayatoa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni; ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula huharibika, na mtu anaweza kula akashiba huku mwili wake una njaa: damu inapungua, mifupa inadhoofika, mtoto hakui. Wako wanaoharisha na kuumwa tumbo, na wako wasiosikia maumivu yoyote siku ile ingawa madhara yanaendelea ndani. Tiba ni moja, kuiacha gluteni maisha yote, na hata makombo yamo katika hesabu. Wapo pia wasio na seliaki ambao ngano huwasumbua kwa njia nyingine. Hao nao si waongo.

Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kuu iliyoipata nchi yake majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, shaka yake ilizidi kupata nguvu, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake juu ya jambo hilo. Wakati taifa zima linalilia mkate, walikuwapo watoto ambao mkate ndio uliokuwa ukiwaumiza. Sisi tunaomba kila siku tupewe mkate wa leo, na hatukuwahi kuwaza kwamba ombi hilo linaweza kumfikia mtu kwa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye lile neno letu kwamba mwili wa Bwana haudhuru. Kosa lake halikuwa ukali tu, lilikuwa pia kosa la mafundisho, na mafundisho hayo tuliyasoma chuoni tukayafanyia mtihani. Sisi Walutheri tunakiri kwamba Kristo yupo kweli katika mkate na divai, nasi pia tunakiri kwamba mkate unabaki kuwa mkate. Mtume Paulo anauita mkate hata anapozungumzia kuula isivyostahili. Basi kama unabaki mkate, gluteni yake inabaki pia. Mama yule hakuugua kwa sababu ya Kristo wala kwa kukosa imani. Aliugua kwa sababu Kristo amependa kutujia kwa njia ya vitu halisi vya dunia hii, na vitu halisi vina tabia zake. Kumwambia mtu ale kinachomuumiza ili kuonyesha imani kunafanana mno na lile jaribu la kujitupa kutoka kwenye kinara cha hekalu, nalo Bwana alilikataa.

Nyumbani kwake, kusema kweli, mama huyu hali vibaya. Nchi yetu imemhurumia. Ugali wa mahindi, wali, ndizi, mihogo, viazi, maharage, mtama na ulezi, vyote havina gluteni, na mtori wake tuliunywa jioni ile tukaongeza. Shida ni pale chakula kinapokuwa cha wengi. Unga wa lishe wa uji mara nyingi umechanganywa na ngano. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano inaacha unga wa ngano ndani ya mahindi yanayofuata. Kikaango cha chapati kinakaangia samaki. Kwenye msiba na kwenye shukrani anapewa chai na maandazi, akikataa anaambiwa anaringa, au anaogopa kurogwa, au amewadharau wenye nyumba. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mtu. Alituambia kwamba amejifunza kufika kwenye shughuli akiwa ameshakula, akashika kikombe cha chai mkononi mpaka kipoe. Ndivyo alivyokuwa akifanya kanisani pia: anakuja, anaimba, anashika kikombe kisichonywewa.

Tulipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee tukidhani litachukua dakika kumi. Lilichukua vikao vitatu, na tunafurahi kwamba halikupita haraka.

Shauri la kwanza lilikuwa apewe divai peke yake. Si shauri baya. Apokeaye kimoja hakupokea nusu ya Kristo, na mgonjwa asiyeweza kumeza hupewa anachoweza. Kwa kuwa tunatumia vikombe vidogo, hata hofu ya makombo kuangukia kwenye kikombe cha pamoja haipo. Lakini mzee mmoja mwanamke akakumbusha kwamba katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 22, baba zetu walidai walei wapewe mkate na kikombe pia, kwa kuwa Bwana alivitoa vyote viwili. Je, tulichokidai kwa ajili yetu tutamwambia mama huyu akisamehe? Kwa dharura ya Jumapili moja, sawa. Kwa maisha yote, na kwa sababu tu hatukutaka kusumbuka, hapana.

Shauri la pili, mkate mwingine usio wa ngano, ndilo lililoleta moto. Mzee mmoja, mtu tunayemheshimu, akauliza: tukisema muhogo leo, kesho si tutasema ugali? Na divai si itakuwa soda? Nani ametupa ruhusa ya kugusa alichoagiza Bwana? Hakuwa mkorofi. Ndugu zetu Wakatoliki wanashika kwamba mkate wa sakramenti lazima uwe wa ngano, na Roma ilirudia jambo hilo mwaka 2003 na tena 2017: mkate wenye gluteni kidogo wanauruhusu, usio nayo kabisa hapana, na asiyeweza hata huo hupokea kwa divai. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanaogopa kukishika kwa wepesi kitu kisicho chao. Hofu hiyo hata sisi tunaihitaji zaidi ya tulivyo nayo.

Hata hivyo, Agano Jipya linaposimulia usiku ule halitaji nafaka. Linasema mkate. Katekisimo Ndogo ya Luther nayo inasema mkate na divai, haiendi mbali zaidi. Bila shaka Bwana alichukua uliokuwapo mezani, nao kwa kuwa ni Pasaka haukutiwa chachu. Tunaamini agizo lake ni kula mkate na kunywa kikombe kwa ukumbusho wake, si kulima zao fulani.

Lakini andiko lililotuamulia halikutoka kwenye vifungu vya Meza. Lilitoka Hesabu sura ya 9. Pale walikuwapo watu waliotiwa unajisi kwa maiti, basi hawakuweza kuifanya Pasaka kwa siku yake. Wakamwendea Musa wakauliza kwa nini wazuiwe kuleta matoleo pamoja na wenzao. Tazameni Musa anavyojibu. Hawaambii kwamba sheria ni sheria, wala hawaruhusu kwa huruma zake mwenyewe. Anawaambia wangoje, aende akasikie Bwana atakaloagiza. Na Bwana akawapa siku nyingine, siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili.

Tulisoma andiko hilo kwa sauti, na yule mzee akalishika upande wake. Akasema: siku ilibadilishwa, chakula hakikubadilishwa, ni kondoo yule yule, na mikate isiyotiwa chachu, na mboga chungu. Ni kweli, na hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulichoweza kusema ni kwamba watu wale walizuiwa na siku, ndipo siku ikasogezwa. Mama yetu anazuiwa na nafaka. Mungu alisogeza kile kilichokuwa mlangoni kikizuia. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakubaliani ila hatapinga. Hilo nalo ni neno la ndugu, na tuliliandika kwenye muhtasari kama alivyolisema.

Lilibaki swali dogo ambalo kwetu liligeuka kuwa kubwa: mkate huo uwe wake peke yake, katika sahani yake ya pembeni, au wa usharika wote? Sahani ya pembeni ni rahisi. Lakini Paulo katika 1 Wakorintho 11 aliwakemea watu waliokuwa na meza mbili ndani ya mlo mmoja, wenye navyo wakila mbele na wasio navyo wakiaibika. Sura hiyo tumezoea kuitumia kuwazuia wasiostahili. Tulipoisoma tena, tuliona anaowakemea ni wale waliokuwa wakila. Tukaamua mkate uwe mmoja. Wenye kula ngano hawapotezi kitu kwa kula mkate wa mchele. Yeye angepoteza kwa kula wetu.

Akina mama wakaloweka mchele, wakautwanga kwenye kinu badala ya kuupeleka mashine, wakauchanganya na unga kidogo wa muhogo ili ushikane, wakauoka bila chachu kwenye kikaango kipya ambacho mwenyekiti wao alikifunga kitambaa na kukiandikia: KISIPIKE CHAPATI. Mkate wa kwanza ulikatika vibaya. Wa tatu ulikuwa mzuri. Jumapili ile mama alitoka kwenye benchi kama wengine, na waliokuwa wakinong'ona walipita mbele yake na nyuma yake. Wengi wao hadi leo hawajui kilichobadilika, ila kwamba mkate una ladha ya kitumbua.

Wiki iliyofuata, baba mmoja mtu mzima alikuja ofisini asubuhi. Naye hatoki kwenda mezani, miaka mingi sasa, na sisi tulikuwa tumeshamzoea hata hatukuulizana tena. Alivua kofia, akakaa, akaeleza kwamba aliacha pombe kwa taabu kubwa na kwamba harufu tu ya divai inamrudisha alikotoka.

"Nimesikia mmebadilisha mkate," akasema.