Mwenye Ufunguo na Vumbi la Asbesto

Twapenda kulipima neno moja: mtu akijua hatari iliyomo katika jengo alilokabidhiwa, naye akanyamaza, je, ana hatia, hata kama jengo hilo hakulijenga yeye?

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba sana. Zamani lilichanganywa na saruji kufanya vigae vya kuezekea, na hata leo ziko shule, hospitali na ofisi za zamani katika Afrika ya Mashariki zenye paa za namna hiyo. Paa likiwa zima, hatari yake ni ndogo. Bali likikatwa, likitobolewa au kuvunjika, hutoa vumbi lisiloonekana. Vumbi hilo hukaa mapafuni, na saratani yake huweza kutokea baada ya miaka 20 hata 40.

Watu wa Matongo, wakaao karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, walijua vumbi. Lakini apondaye mawe huliona vumbi lake. Mtoto wa shule hakulichagua paa lililo juu yake. Wala fundi aitwaye kuziba mahali panapovuja hajui anakata nini, asipoambiwa.

Wengine husema, “Kosa ni la aliyejenga.” Kweli, wajenzi wengi hawakujua. Lakini habari ilikuwapo. Huko Rochdale, Uingereza, Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbesto kiwandani, alikufa mwaka 1924, na daktari akaiandika sababu. Mwaka 1931 zikawekwa kanuni za vumbi viwandani. Lakini asbesto ilikatazwa kabisa huko mwaka 1999, na Kenya mwaka 2006.

Wengine husema, “Tusiwatie watu hofu.” Sisi twaona kwamba hofu huletwa na uvumi, wala si na habari ya kweli iliyosemwa kwa utulivu.

Basi yampasa nini mwenye ufunguo? Asibomoe kwa haraka, maana ndiko kulitimua vumbi. Kwanza aulize wajuao paa ni la kitu gani, aandike kitabuni, alitazame kila mwaka kama limepasuka. Amwambie fundi kabla hajapanda ngazi. Vipande vilivyovunjika visifagiliwe vikavu, visisagwe, wala asipewe jirani akaezekee banda. Siku ya kuliondoa, waitwe wenye ujuzi na vifaa.

Torati humwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Aangukaye darini huonekana siku ile ile. Avutaye vumbi hili huanguka baada ya miaka 30, wala hapana atakayekumbuka jengo gani. Atakayeugua labda leo ni mtoto, nasi siku hiyo hatutakuwapo. Walakini deni lisilodaiwa upesi ni deni vile vile, na malipo yake ya kwanza ni kusema.