Kumtoa mtoto kwenye mashine ni kumnyima pumzi?

Nilikuwa katika korido ya wodi ya watoto njiti pamoja na mdogo wangu, baba wa mtoto, na mkwewe. Daktari alikwishasema kuwa kesho mpira wa kooni utatolewa, mtoto ajaribu kupumua mwenyewe. Yule mama akanigeukia: "Baba mkubwa, pumzi aliyopewa mtaiondoa kwa ruhusa ya nani?"

Mdogo wangu naye alitaka mashine ibaki. Alisema uhai ni amana, na amana haiguswi.

Kwamba ni amana, sina ubishi. Lakini tuangalie hali yenyewe. Mtoto njiti si mapafu tu yaliyo machanga. Hata sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua haijakomaa, kiasi kwamba husahau, akatulia sekunde 20 au zaidi mpaka akabadilika rangi. Na kinachomhimiza mwanadamu avute pumzi, zaidi ya yote, ni hewa ya ukaa kuongezeka katika damu. Mashine ikimpumulia kupita kiasi huifagia hewa hiyo, ubongo ukakosa sababu ya kuamrisha. Ndiyo maana kabla ya kumtoa hupunguza kazi ya mashine kidogo kidogo, ili ile dhiki ndogo irudi. Huruma yetu ya kutaka asione taabu hata chembe ndiyo ingemzuia kupumua! Na mpira ukizidi kukaa, mapafu huumia na maambukizo hupata njia.

Hupewa pia kafeini, ile ile ya kahawa yetu ya barazani. Utafiti wa watoto 2,006 wa gramu 500 hadi 1,250, uliochapishwa 2006 na 2007, ulionyesha kuwa waliopewa waliachana na mashine mapema zaidi, na waliokufa au kupata ulemavu walipungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa njiti wanaotolewa mpira.

Wapo wanaochanganya jambo hili na kumzimia mashine mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Hilo lina mjadala wake kwa wanazuoni. Hapa anayetoa mpira anakusudia mtoto aishi, na mashine iko pembeni tayari. Tena Qur'an, katika Suratun-Nisaa aya ya 6, imemwagiza mlezi awajaribu mayatima kisha, akiona wameweza, awakabidhi mali yao. Mlezi anayeishikilia milele kwa hofu hajatimiza amana.

Mpira ulitolewa saa nne asubuhi. Kufika alasiri mtoto alikuwa amesahau kupumua mara tatu, ukarudishwa. Yule mama hakunena, alinitazama tu. Usiku ule sikulala. Sikuona kwamba tulikosea, kwani aliyejaribu kwa elimu na tahadhari hahukumiwi kwa matokeo peke yake; lakini hoja hiyo haina uzito mbele ya macho ya bibi.

Baada ya siku tano daktari akaja tena na shauri lile lile. Mdogo wangu akanitazama, nami nikanyamaza. Mkwewe ndiye aliyejibu: "Mjaribuni."