Maharagwe ya Septemba

Mto Rwizi huanzia kwenye vilima vya Buhweju, magharibi mwa Uganda, hupita Mbarara ukibeba udongo na taka za mji, kisha hujilegeza ndani ya mafunjo hadi maziwa ya Mburo na Nakivale. Huko chini, wilayani Isingiro, ndiko iliko Juru, mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipotangulia kufika, bonde hili halijaacha kupokea watu.

Ilikuwa Agosti, vumbi jekundu limelala juu ya majani ya migomba. Nilimkuta mama mmoja kutoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Yaliyotobolewa na wadudu yalikwenda kwenye sufuria. Yale mazima, yenye ganda linalong'aa, aliyatia kwenye kidumu na kukaza kifuniko.

"Mama, mbona haya mazuri hupiki?"

"Haya ni ya kupanda, mwanangu."

Kidumu kile hakijanitoka moyoni. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa wakimbizi walioko Uganda, na sufuria nyingi zikapungua nazo. Kuweka mbegu wakati umeshiba ni busara ya mkulima. Kuiweka huku watoto wanaitazama, mimi naiita ibada, tena nzito kuliko nyingi tunazozifanya tukiwa na akiba ghalani.

Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee amani mji walimopelekwa. Zamani niliisoma barua hiyo kama maneno ya faraja. Juru ilinionyesha kuwa ni kazi ya jembe: kulima ardhi usiyokuwa na hati yake, na kuomba mvua ambayo, ikija, itaotesha pia majani ya ng'ombe wa jirani Mnyankole. Hakuna awezaye kujiombea mvua peke yake.

Ugali wa muhogo na sombe vilipoandaliwa, mama alinitaka niombee chakula. Nikaanza na mvua. Akanigusa mkono.

"Anza na wale tuliowaacha nyumbani, mwanangu. Mvua tutaiomba tena kesho."