Chongo, Kengeza na Kipimo

Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii husemwa kwa kicheko, ilhali ndani yake mna swali zito: je, mwenye kupenda ana ruhusa ya kuibadili jina ila ya akipendacho?

Msomaji na achukulie arusi ya usiku kijijini Mtunda, wilayani Kibiti. Chini ya mwembe zimesimamishwa spika mbili kubwa za mzee mmoja, alizozinunua kwa fedha za korosho. Walioolewa zikilia spika hizo sasa wanaoza watoto wao. Anatokea kijana na chombo cha kupimia, akatangaza kwamba besi imevimba, sauti za kati zimezama, na maneno ya mwimbaji yanamezwa. Hapati shukrani. Huyu atasema chombo ni kibovu. Yule, kwamba muziki hausikilizwi kwa tarakimu. Wa tatu atauliza kijana huyo ni mtoto wa nani.

Hasira hiyo imo popote wanapokutana wapenzi wa vyombo vya sauti, kwani kipimo hakigusi mbao na sumaku tu. Kinagusa nyusiku zilizopita, na mwenye mali husikia akiambiwa: ulidanganyika.

Na huenda alidanganyika kweli. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walieleza jaribio lao: wasikilizaji waliozihukumu spika bila ya kuziona walizihukumu vingine walipoziona. Sikio, kumbe, huazima jicho.

Lakini mapenzi nayo yaweza kuwa na hoja. Spika ya Yamaha NS-10 ilitoka mwaka 1978. Besi yake ilikuwa haba na sauti zake za kati zilichomoza kupita kiasi. Hata hivyo mafundi wa studio duniani waliishikilia, hata baada ya kuacha kuundwa mwaka 2001. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza waliipima kwa njia pana zaidi, wakaona kwamba sauti yake huanza upesi na hukatika upesi, isiburure mkia. Mapenzi yalikuwa na sababu. Ila sababu yenyewe ilidhihirishwa na kipimo kingine, wala si kwa kukitukana kile cha kwanza.

Watunzi wa pwani wanaijua kesi hii. Shairi lenye mizani nane kwa nane laweza kuwa maiti, na shairi guni laweza kumliza msikilizaji. Hata hivyo machozi hayaongezi mizani. Anayesema "limeniliza" anasema kweli. Anayesema "limeniliza, basi si guni" ameishusha kweli yake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Mpenzi nyumbani mwake haulizwi. Lakini jirani akija kumwuliza, naye anataka kutoa akiba ya mavuno anunue spika kama zile, mpenzi amekuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kuita chongo kengeza. Mzee wa Mtunda hapotezi kitu akijibu: "Zina ila hii na hii, nami nazipenda." Pendo linalohitaji ila ifichwe ndipo lidumu, lilikuwa limekwisha kabla kijana hajafika na chombo chake.