Mkondo wa Kilwa: Ulichimbwa au Uliombewa?



Vijana wenzangu, aliyewahi kusubiri basi stendi ya Makambako anajua habari zinavyosafiri. Huyu katoka Songea, yule anaenda Mbeya, mwingine Dar. Kabla hujamaliza chai umeshajua nani kamtapeli nani Njombe mjini, na kila msimuliaji anaapa.

Kilwa wana kisa cha zamani kilichosafiri hivyohivyo. Ali bin al-Hassan alifika kisiwani, akakinunua kwa mtawala mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenyeji akahamia bara, kisha (wanasema) akapanga kurudi kuwaua wanunuzi. Wakati huo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Basi watu wa Ali wakauchimba mkondo ukawa na kina. Yule bwana akaja, akasubiri maji yapwe. Hayakupwa. Akarudi na uchungu wake.

Hivyo ndivyo kilivyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16. Ila katika masimulizi ya Kiswahili aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1907, majembe hayapo: Sultani anasoma Kurani, anatoa sadaka, maji yanajaa. Na mwenyeji sasa ni baba mkwe wake! Mmoja kaongeza harusi, mwingine kaleta majembe. Lakini kote kuwili mwenye nia mbaya ni yuleyule wa bara.

Mt. Tomaso wa Akwino, karne ya 13, aliuliza kama ni halali kuvizia katika vita ya haki. Akakumbuka Mungu alivyomwagiza Yoshua kuuvizia mji wa Ai (Yos 8:2), akajibu: kumficha adui mipango yako si dhambi, kumwongopea au kuvunja ahadi uliyompa ni dhambi, hata kama ni adui. Kwa kipimo hicho wachimbaji wamepona, walificha tu. Ila wamepona endapo yule mzee kweli alikuja kuua, na ushahidi wote tumeupata kwa waliobaki na kisiwa. Yeye hakuacha kitabu. Labda alikuja kumsalimia binti yake, nani ajuaye?

Mithali 18:17 inasema anayejieleza kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Sasa shika simu yako. Kwenye grupu la kwaya imeingia sauti ya dakika mbili: mweka hazina kala michango. Wewe hukuisambaza kwa mtu, sawa. Lakini Katekisimu namba 2477 inamgusa hata anayesadiki kimoyomoyo kosa la mwenzake bila msingi wa kutosha. Kuna aliyempigia kumuuliza? Aliyeomba kuona daftari? Hakuna, ila wote mmeshaamua, na kila mmoja kachimba kidogo upande wake.

Jumamosi anakuja jumuiya. Anasalimia, anakaa mwisho wa benchi, anasubiri maji yapwe.