Vilima Vitatu Katika Jina Moja

Wahenga walisema milima haikutani. Katika parokia moja ya mashambani ya Leicestershire, katikati ya Uingereza, vilima vitatu vimekutana ndani ya jina moja. Kijiji hicho huitwa Breedon on the Hill. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na bre, neno la Kibritoni, lugha iliyosemwa kisiwani humo kabla ya Kiingereza na ambayo ndiyo mama wa Kiwelisi cha leo. Maana yake ni kilima. Sehemu ya pili ni dun ya Kiingereza cha kale. Maana yake, tena, ni kilima. Maneno yanayofuata yanaarifu kwamba kijiji kiko kilimani. Alitamkaye jina lote husema, bila kujua, kwamba Kilima-kilima kiko juu ya kilima.

Ni rahisi kucheka. Hata hivyo, nyuma ya kicheko hicho kuna swali zito: ajaye ana deni gani kwa aliyemkuta?

Maelezo ya wanaisimu ni mepesi. Kuanzia karne ya 5, Kiingereza kilienea polepole kutoka mashariki ya kisiwa kuelekea bara. Wasemaji wake waliwakuta watu wakikitaja kilima kwa neno lao la kila siku. Masikio ya wageni yalilipokea neno hilo kama jina mahususi, nao wakaliongezea neno lao la kueleza ni kitu gani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mito kadhaa iitwayo Avon, jina ambalo asili yake ni neno la Kibritoni lenye maana ya mto tu. Karne zilipopita, dun nayo ikafifia ndani ya jina, na kilima kikahitaji kuelezwa kwa mara ya tatu.

Tukio hilo laweza kusomwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya heshima: mgeni aliuliza, mwenyeji akajibu, na jibu likatunzwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Kama wenyeji wote wangefutika kabla ya wageni kufika, nani angebaki wa kulifundisha neno bre? Jina ni ushahidi kwamba palikuwa na mazungumzo, hata kama yalikuwa mafupi kama ya watu wanaoulizana njia. Njia ya pili ni chungu zaidi: mgeni alisikia sauti, hakusikia maana. Angaliielewa, asingalirudia. Alilibeba neno kama mtu aokotaye kigae shambani bila kujali chungu kilikuwa cha nani.

Ugumu ni kwamba njia zote mbili ni sahihi kwa wakati mmoja. Mtu aweza kuhifadhi na kusahau kwa tendo lilelile. Kwa hiyo haitoshi kumsifu aliyehifadhi, wala si haki kumlaumu tu aliyesahau.

Je, ardhi yenyewe husema zaidi ya jina? Juu ya kilima cha Breedon kuna masalia ya boma la Enzi ya Chuma. Kathleen Kenyon, mwanaakiolojia ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa uchimbaji wake wa Yeriko, alichimba hapo mwaka 1946. Akiolojia huweza kuonyesha mahali tuta lilipopita na watu walipoishi. Haiwezi kuonyesha walivyoitana. Kigae hakina lafudhi. Wala waliosema bre hawawezi kudaiwa kuwa ndio wa mwanzo kabisa kisiwani humo. Stonehenge ilianza kujengwa takriban miaka 5,000 iliyopita, na hakuna ajuaye lugha ya waliosimamisha mawe yake. Chini ya kila jina la kale pana watu ambao neno lao halikupata wa kulibeba.

Kila aliyekuja Breedon alijenga juu ya kilichoachwa. Katika karne ya 7 watawa walianzisha monasteri kilimani, mahali palepale palipokuwa na boma. Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anaeleza kwamba Tatwine, aliyewekwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury mwaka huohuo, hapo awali alikuwa kasisi katika monasteri iitwayo Briudun. Tatwine huyo alitunga vitendawili 40 kwa Kilatini, kimojawapo kikihusu kalamu. Mtega vitendawili alitoka mahali ambapo jina lake lenyewe ni kitendawili, na kitendawili hicho kilikwisha kutegwa kabla yake na watu wasiojua kwamba wanatega.

Si kila jina la Uingereza lina upole huo. Wasemaji wa Kiingereza cha kale waliwaita wenyeji wao walh, yaani wageni. Neno hilo limo katika Walcot na katika baadhi ya vijiji viitwavyo Walton, na ndilo lililozaa jina Wales. Wenyewe huiita nchi yao Cymru, kutokana na neno lililomaanisha watu wa nchi moja. Mwenyeji akafanywa mgeni nyumbani kwake, kwa neno la mtu aliyeingia juzi. Lakini maneno nayo hugeuka. Mwaka 873 jeshi la Waskandinavia lilipiga kambi ya majira ya baridi huko Repton, jirani na Breedon. Kilomita chache kutoka hapo kipo kijiji kiitwacho Ingleby, jina la Kiskandinavia lenye maana ya kijiji cha Waingereza. Walioita wengine wageni wakawa wao sasa wa kunyoshewa kidole, kana kwamba kuwepo kwa Mwingereza katika Uingereza ni ajabu ya kuwekewa alama.

Hapo ndipo hoja ya "sisi tulitangulia" inapokosa pa kusimama. Jina la mahali si hati ya kumiliki ardhi. Ni stakabadhi ya mkopo, nayo ina sahihi za wakopaji kadhaa waliopokezana. Asemaye kwamba kilima ni cha watu wa damu yake tangu mwanzo hukanushwa na kinywa chake mwenyewe, kila akitajapo.

Na kilima chenyewe kinapungua. Machimbo ya mawe ya chokaa yamekwisha kumeza sehemu kubwa ya boma la kale upande wa mashariki. Kanisa lingali limesimama juu, na ndani ya kuta zake zimo nakshi za mawe za zamani za watawa, zenye ndege na mizabibu. Mawe yaliyobomolewa hayatarudi. Jina, ambalo halina uzito wowote, linabaki likitaja kilima mara tatu wakati chenyewe hakifiki tena kimoja kizima.

Basi deni la ajaye ni lipi? Si kuirudisha dunia ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna anayejua ilianzia wapi. Wahenga walimtaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Naye akishalipokea, hana budi kuuliza shamba linaitwaje, na kuusubiri ufafanuzi. Wakulima wa Breedon waliuliza, wakaondoka kabla ya ufafanuzi. Walilipa nusu ya deni. Nusu iliyobaki imewafikia wanaoishi leo, pale na kwingineko, kwa majina waliyoyakuta: kujua kwamba neno walitumialo liliazimwa, na kumtaja mwenye kuazima.