Maji ya Kunywa ni Haki ya Mwili

Ndugu msomaji, katika Sura Al-Waqia Mwenyezi Mungu anamwelekeza mwanadamu ayatazame maji anywayo, na anamwuliza ni nani aliyeyateremsha kutoka mawinguni. Kisha anamkumbusha kwamba lau angependa angeyafanya kuwa ya chumvi. Mtu akaaye kando ya mto huenda akayapita maneno hayo upesi. Lakini mkaaji wa Dodoma huyafahamu kwa ulimi wake mwenyewe, kwani visima vingi vya uwanda huu wa kati hutoa maji yenye ladha ya chumvi. Mvua huku hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Mji wenyewe kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, upande wa kaskazini. Na tangu ulipochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, vinywa vinavyongojea maji hayo vimezidi kuongezeka.

Basi si ajabu kwamba watu wengi huku hunywa maji kidogo mno. Wengine huyachukia kwa ladha yake. Wengine husahau, maana hewa kavu hukausha jasho kabla mtu hajalihisi, naye hudhani hakupoteza kitu. Msafiri wa basi hujinyima kwa kuhofia kukosa choo njiani. Na mama aliyetembea mwendo mrefu na ndoo kichwani hupima kila kikombe: hiki cha uji, hiki cha watoto, hiki cha kuoshea vyombo, na fungu lake mwenyewe huwa halipo.

Huenda ndugu mwenye kuichunguza dini akauliza: Je, dini ina shughuli gani na bilauri ya maji? Jibu lake ni hili. Sahaba Abdullah bin Amr r.a. alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume Mtukufu s.a.w. hakumsifu kwa jambo hilo, bali alimfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake. Basi ikiwa haifai kuudhulumu mwili hata kwa sababu ya ibada, itafaaje kuudhulumu kwa uvivu au kwa kusahau? Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu ni maji. Yakipungua, kichwa huuma, choo huwa kigumu, na akili huchoka. Na mwenye kuzoea kuyapunguza siku nyingi hujitafutia mawe katika figo. Yule aliyechoka hivyo atasimamaje katika Sala kwa moyo uliohudhuria?

Tena yuko mtu atakayesema kwamba Mtume s.a.w. alifundisha kuwa mwenye kuwanywesha watu ndiye anywaye mwisho. Ni kweli, na ni adabu nzuri sana. Lakini tafakari, ndugu yangu: alisema anywe mwisho, hakusema asinywe. Mama anayewanywesha wote kisha akaacha kunywa, haki yake imebaki shingoni mwa wenye nyumba. Mume na watoto wakubwa yawapasa kubeba ndoo pamoja naye, na kuhakikisha kwamba kikombe cha mwisho kimejaa kama cha kwanza. Mafundisho ya Islam yanahesabu kumnywesha mwenye kiu kuwa sadaka kubwa. Na mtu mmoja alisamehewa dhambi kwa kumtekea mbwa maji. Je, aliye chini ya dari yako hana haki zaidi?

Sasa yafaa tuitazame njia iliyo nyepesi. Mwislamu anazo saa tano zilizokwisha pangwa. Unapochota maji ya udhu, chota na ya kunywa katika chombo chake. Kunywa bilauri mbili wakati wa Alfajiri, mbili Adhuhuri, mbili Alasiri, moja Magharibi na moja Isha. Bilauri ya robo lita mara nane ni lita 2, nawe hukulazimika kukumbuka lo lote jipya. Ukiongeza uji, mchuzi na matunda, mtu mzima mwenye afya hupata aghalabu ya kumtosha. Mwenye kulima juani na mwenye kunyonyesha waongeze. Hii si sheria ya dini, bali ni mpango tu wa kusaidia. Dalili ya kutosheka ni haja ndogo kuwa na rangi ya manjano hafifu. Ikiwa nzito, ongeza. Mgonjwa wa moyo au wa figo na afuate kipimo cha daktari wake. Na katika Ramadhani, gawanya maji yako tangu futari hadi daku, usiyamimine yote mara moja wakati wa daku.

Ama kuhusu ladha, Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume s.a.w. kilikuwa kitamu na baridi. Basi kutaka maji ya kupendeza si anasa. Chemsha maji yatokote, yaache yapoe, kisha yatie katika mtungi wa udongo na uuweke kivulini penye upepo. Maji machache hupenya udongo na kukauka kwa nje, na kwa kukauka huko yaliyomo ndani hupoa. Tazama hekima ya Mungu: upepo mkavu uleule unaokukausha wewe ndio unaokupozea mtungi. Ufunike, kama Mtume s.a.w. alivyoagiza vyombo vifunikwe usiku, na uchote kwa kata yenye mpini ili mkono usiingie majini.

Kuchemsha hakuondoi chumvi, lakini ubaridi huipunguza makali ulimini, na tone la ndimu, ukwaju, au unga wa ubuyu huifunika, sukari isizidi. Mwenye paa la bati akinge maji ya mvua, ayaache ya kwanza yaoshe paa, naye atapata maji yasiyo na chumvi. Kadhalika Mtume s.a.w. alikuwa akilowekewa zabibu kavu jioni, akanywa maji yake asubuhi, wala hakuyaacha yakae hata yakawa kileo. Dodoma ni nchi ya mizabibu. Basi loweka konzi moja usiku katika maji safi, unywe asubuhi, na yaliyobaki yasivuke siku hiyo kwa sababu ya joto.

Mwisho, kunywa kama ilivyo Sunna: taja jina la Mungu, kaa kitako, kunywa kwa pumzi tatu ukikiondoa chombo kinywani kila unapovuta pumzi, kisha mshukuru Mola wako. Anywaye hivyo mara tano kwa siku amemkumbuka Mungu mara tano zaidi, na haki ya mwili wake ameilipa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuitambua neema yake katika kila funda, awape wakaaji wa nchi hii mvua ya heri, na asiwepo nyumbani mwetu mwenye kuwanywesha wengine naye akalala na kiu. Amin.